Mzee Brashi na Gauni la Kulalia

Mtaani kwao hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa walimwita Brashi, wadogo walimwita Mzee Brashi, na mkewe alimwita vyovyote vile, ikitegemea siku hiyo ameamkaje. Alikuwa mchora vibao. Kibao cha duka la dawa kilikuwa chake, cha fundi viatu chake, cha saluni yenye picha ya mwanamke wa shingo ndefu chake, na hata lile onyo la kukataza watu kujisaidia kwenye ukuta wa ghala lilikuwa la mkono wake, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Kosa lake lililojulikana lilikuwa moja, la kinyozi wa pale kona. Siku aliyomwandikia alikuwa na homa, akaisahau W ya BINGWA, kibao kikasomeka KINYOZI BINGA. Kinyozi mwenyewe hakuliona mpaka alipoambiwa na mteja, na alipoambiwa akakataa lisirekebishwe, maana watu walikuwa wanakuja kukishangaa kibao na wakishafika wananyolewa. Mpaka leo anaitwa Binga, na anaitika.

Mkewe alikuwa mshonaji. Huyu naye jina lake lilimezwa na kazi. Alikuwa Fundi kwa wateja, Fundi kwa majirani, na Fundi kwa mumewe pia, kwa sababu walipooana yeye tayari alikuwa na cherehani yake na wateja wake, wakati Brashi alikuwa na makopo machache ya rangi na ngazi ya kuazima. Alikuja na cherehani ile ya kukanyaga kwa miguu, akaiweka dirishani mwa chumba cha mbele, akaweka na meza ya kukatia kando yake, kisha akatoa sheria ya kwanza ya ndoa yao: mkono wenye rangi usiiguse meza hii. Brashi aliitii sheria ile miaka yote. Akipita karibu na meza ya mkewe aliweka mikono nyuma, kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

Wakaishi hivyo, wakalea, wakazeeka. Kisha vikaingia vibao vya plastiki vinavyochapwa kwa mashine, picha na maandishi vinatoka pamoja vikiwa vimeshakauka, na kazi za Brashi zikaanza kupungua moja moja, kama meno. Hakulalamika. Alikaa barazani asubuhi akasafisha brashi ambazo hazikuwa zimechafuka, na mtu akimuuliza habari za kazi alisema anapumzika kidogo. Cherehani ya Fundi ndiyo iliyoendelea kulia dirishani.

Siku moja Fundi alipanda kwenye kigoda ili ateremshe kitambaa juu ya kabati. Brashi alikuwepo, alikuwa barazani, na angemwita angekuja. Lakini Fundi hakuwa mtu wa kumwita mtu kwa jambo analoweza mwenyewe. Kigoda kiliteleza, akaanguka ubavu, akaliangukia bega la kulia. Huko hospitali walisema mfupa umevunjika, wakaufunga mkono wake kifuani kwa bendeji pana, wakamwambia asiunyanyue kwa namna yoyote, akae hivyo wiki kadhaa.

Binti yao mkubwa, aliyekuwa karani katika mji mwingine, akaomba ruhusa kazini akaja kumuuguza. Alimletea mama yake gauni la kulalia la dukani, jipya, lenye lesi shingoni. Kila jioni alimwogesha, akamvalisha, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa myepesi kazi ile ilionekana ndogo. Ruhusa ilipokwisha, alimkalisha baba yake kitako akamfundisha.

"Baba, unaanza na mkono mgonjwa. Halafu kichwa. Halafu mkono mzima. Ukigeuza tu, umeharibu."

"Mgonjwa, kichwa, mzima," alisema Brashi.

"Na usimvute."

"Nimvute kwani kamba?"

Jioni ya kwanza walipobaki wawili, Brashi akaanza na mkono mzima. Hakujua ni nini kilimpata, labda wasiwasi. Gauni likapita mkononi, likapita kichwani nusu, likagoma. Mkono mgonjwa ulikuwa umenaswa huku chini, kichwa cha Fundi kimo ndani ya gauni, lesi imembana kwenye paji la uso, na kila Brashi alipojaribu kushusha upande huu, upande ule ulipanda. Akaacha kuvuta. Kisha akasikia kilio ndani ya gauni.

Brashi aliyajua makelele yote ya mkewe. Alijua hasira yake, kicheko chake cha puani, na kununa kwake ambako nako kulikuwa na sauti ya aina yake. Lakini kulia alikuwa amemsikia siku ya kumzika mama yake tu. Alisimama pale na pindo la gauni mkononi, hajui ashike wapi.

"Kata," sauti ya Fundi ikasema kutoka ndani.

"Nikate nini?"

"Nguo. Mkasi uko mezani. Ule mkubwa."

Akaenda kwenye meza ambayo hakuwahi kuigusa, akachukua mkasi, akarudi akalipasua gauni jipya kuanzia pindoni hadi shingoni. Uso wa mkewe ukatokeza umelowa, nywele zimesimama. Fundi akaitazama ile nguo iliyopasuliwa, akavuta pumzi ndefu.

"Umekata kombo," akasema.

Akajifunga shuka akalala. Lakini shuka linataka mikono miwili, na Fundi alikuwa na mmoja. Kila akigeuka lilifunguka, na kila likifunguka alikasirika, na akikasirika bega liliuma. Asubuhi alikuwa amevimba macho. Brashi akamvalisha blauzi yake ya mchana, yenye vifungo mbele, mkono mzima umeingia vizuri na upande wa pili umetupiwa tu juu ya bendeji. Hiyo haikumsumbua. Hata kichwa hakuinamisha.

Brashi alikuwa anafunga kifungo cha mwisho alipopata wazo. Blauzi hii, alijiambia, ingekuwa ndefu mpaka miguuni, si ingekuwa gauni la kulalia?

"Tumwite yule fundi wa mtaa wa nyuma akushonee la kufunguka mbele," alisema, kama kumpima.

"Yule anipime mimi?" Fundi alimtazama kwa jicho kali. "Akatangaze kwapa langu lina upana gani? Nitalala na shuka."

Mganga hajigangi, ndivyo ilivyokuwa kwa Fundi. Alikuwa amewashonea wanawake wa mtaa mzima, lakini yeye mwenyewe siku zote alilalia mabaki: blauzi zilizochujuka, mashati ya mumewe yaliyokwisha kola. Gauni la kulalia la kwake hasa hakuwahi kujishonea. Alisema ni kazi ya bure, nguo ya kuonwa na mto.

Brashi akangoja apate usingizi wa mchana, akanyata hadi chumba cha mbele. Ukutani, kwenye msumari, zilining'inia karatasi za kukatia, zile za mifuko ya saruji ambazo Fundi alikuwa akikata umbo la nguo ya kila mteja ili asimpime upya kila mara. Ya kwake mwenyewe ilikuwa ya ndani kabisa, imezeeka hadi imelainika kama kitambaa: vipande viwili vya mbele, mgongo, mkono, ukosi. Brashi akavitandaza sakafuni akavitazama kwa muda. Hapo akahisi yuko nyumbani. Hivi ni vibao tu, alifikiri. Na kukuza kibao, hakuna aliyemzidi.

Akafanya alivyozoea. Akachora miraba midogo juu ya ile karatasi kwa chaki, akachora miraba mikubwa zaidi kwenye marekani, kile kitambaa kigumu cheupe alichokuwa akichorea mabango, kisha akahamisha kila mstari kutoka mraba mdogo kwenda mkubwa. Kikatokea kitu kizuri, chenye uwiano. Akakikata, akakiunga kwa sindano ya mkono, mishono mirefu kama ya gunia, na kila Fundi alipojigeuza kitandani akasimama akazuia pumzi. Ilimchukua siku kadhaa za kuibia ibia.

Siku ya kumvalisha, alimwambia Fundi afumbe macho.

"Kuna nini?"

"Fumba tu."

Fundi alipofumbua macho, shingo ya gauni ilikuwa imeshamteremka hadi viwikoni. Mabega yalikuwa yamening'inia huku na huku kama masikio ya punda. Mkono wa gauni ulimeza mkono wake na kubakisha nafasi ya mkono mwingine. Na pindo, baada ya ukubwa wote huo, liliishia kwenye mapaja. Akajitazama chini. Mdomo ukaanza kumcheza. Kisha akacheka kile kicheko chake cha puani, kikapanda, akashika bega.

"Usinichekeshe, mzee, mfupa unauma."

"Sikuchekeshi. Nakuvalisha."

"Hii shingo," alisema Fundi, akipangusa machozi kwa mkono wa kushoto, "ni ya nani? Ya ng'ombe?" Akageuza kitambaa. "Na hii ni blauzi yangu. Naiona. Umeifanya nini?"

"Nimeikuza. Ndivyo tunavyokuza herufi. Ukikuza mguu wa herufi unakuza na kichwa chake, la sivyo inachekesha."

"Nguo si kibao. Mtu akilala shingo yake haikui. Mabega hayakui. Kuanzia hapa kwenda juu," akaweka kiganja chini ya kwapa, "mtu ni yuleyule, mchana na usiku. Kinachotaka nafasi ni kuanzia hapa kwenda chini. Hapo ndipo anapojigeuza, anapokunja magoti. Juu unaacha kama kulivyo, chini unafungua."

Brashi alilitazama gauni lake la kwanza. "Kwa hiyo nimekuza pasipokua na nimesahau panapokua."

"Ndiyo."

"Miaka yote uliniacha nife bila kujua hilo."

"Hukuuliza," alisema Fundi.

Gauni lile la marekani lilikuwa bado limemning'inia, na Brashi akaanza kulifumua mishono ili amtoe. Ndipo Fundi akasema, bila kumtazama, "Leta karatasi zangu hapa kitandani."

Hivyo ndivyo Mzee Brashi alivyoanza kufundishwa kushona. Fundi alimwonyesha kwa kidole cha mkono wa kushoto. Karatasi ya mgongo isiwekwe kwenye mkunjo wa kitambaa kama ya blauzi, bali isogezwe vidole vinne kutoka kwenye mkunjo, na ile ziada ikusanywe kwa marinda madogo chini ya shingo. Tundu la mkono lishushwe vidole viwili. Kutoka kwapani mstari usishuke wima, uende ukipanuka taratibu hadi chini, na kule chini ukunje kidogo kwenda juu, la sivyo pindo litaning'inia pembeni. Ukosi uachwe kabisa, maana nani analala na ukosi, karani?

Ni katika kuchora mstari ule wa kupanuka ndipo Fundi alipopata mshangao. Alimwambia achukue rula ndefu. Brashi hakuchukua. Aliinama juu ya marekani, akaweka chaki chini ya kwapa, akauvuta mstari hadi mwisho kwa pumzi moja, bila kusita, ukatoka umejipinda pale tu unapopaswa kujipinda. Fundi akaukagua kwa muda mrefu akitafuta kasoro.

"Upande wa pili," akasema tu.

Taabu ilikuwa cherehani. Fundi alikuwa kitandani chumba cha ndani, cherehani iko chumba cha mbele, kati yao pazia. Brashi alikaa kwenye kiti cha mkewe na kuweka miguu.

"Umenawa?" Fundi aliuliza kutoka ndani.

Brashi akaitazama mikono yake. Akaigeuza, akaangalia na kwenye kucha, mahali ambapo zamani hapakuwahi kutakata hata kwa mafuta ya taa.

"Fundi," akasema, "mikono hii ina miezi haijashika rangi."

Brashi alifikiri hakusikia. Fundi alikuwa amesikia. Alikuwa akijua kuwa kazi zimepungua, nani asingejua, lakini mchana alikuwa ameinamia vitambaa vya watu, jioni amechoka, na yeye mwenyewe mzee alikuwa akisema anapumzika. Hakuwa ameitazama ile mikono.

"Basi kaa," alisema mwishowe, kwa sauti nyingine kabisa. "Kaa vizuri. Gurudumu ulianzishe kwa mkono, miguu ifuate. Ukianza na miguu litarudi nyuma na uzi utakatika."

Akaanza na miguu. Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika.

"Umekatika," sauti ikasema.

"Umejuaje?"

"Nina masikio."

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Fundi aliijua cherehani ile kwa sauti kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Alijua uzi wa chini umekwisha kabla Brashi hajaona. Alijua mshono umelegea, alijua umekwenda pembeni. "Umetoka barabarani," alisema, na Brashi akichungulia anakuta kweli ametoka. Mara nyingine alimsingizia pia, kwa hila tu, ili aone kama anakagua.

Mkono wa gauni ndio ulioleta ugomvi. Brashi aliuunga, Fundi akasema umegeuka, afumue. Akafumua, akaunga, ukajaa mikunjo begani. Afumue. Akafumua. Mara iliyofuata aliunga vizuri kabisa, lakini ndani nje.

"Fumua," alisema Fundi.

"Nimechoka."

"Nguo haijui kuwa umechoka."

"Nguo haijui, wewe je?" Akauweka mkasi mezani kwa kishindo, akatoka, akaenda kukaa barazani. Alikaa akatazama watu wanaopita, akasalimiwa, akaitikia nusu nusu. Alijisemea kuwa mtu wa umri wake hana sababu ya kugombana na kipande cha kitambaa. Akakumbuka uso uliotokeza kwenye lile gauni lililopasuliwa. Akajikaza, akainuka.

Alimkuta Fundi ameketi kwenye kiti cha cherehani. Alikuwa ametoka kitandani peke yake. Ameshika mkono wa gauni kwa meno, ameuvuta ukawa umekaza, na kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwahi kushika kitu cha maana, anajaribu kufumua mshono kwa ncha ya wembe.

"Toa mdomoni," alisema Brashi. "Utajikata."

"Shika basi."

Akashika. Yeye akavuta upande mmoja, Fundi akafumua upande wa pili, taratibu, kope hazipepesi. Hakuna aliyeomba radhi. Walipomaliza, Fundi alikuwa amechoka hata kusimama ilibidi amshike.

"Umekasirika na nani?" Brashi aliuliza.

"Na kigoda," alisema Fundi.

Ni siku hiyo waliyokubaliana kuhusu upande wa bega gonjwa. Mkono ule usiingizwe popote. Begani pasishonwe kabisa, na mkono wa gauni wenyewe uachwe wazi kwa juu, kutoka shingoni hadi kiwikoni, kisha ufungwe kwa tepe. Fundi alitaka vifungo. Brashi akasema turubai la kufunikia ngazi yake analifunga kwa kamba na halijawahi kufunguka, na kufunga tepe ni rahisi kwa mtu mwenye vidole vinene. Fundi akafikiri, akakubali, huku akisema kuwa matundu ya vifungo angeyaharibu vilevile.

Gauni la marekani lilikuwa la kujaribia tu. Lilipokaa vizuri, Brashi alitumwa duka la vitambaa akanunue pamba laini. Fundi alimpa maagizo: akilaze kitambaa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, pale ngozi ilipo nyembamba, na kikikwaruza asikinunue hata muuzaji akiapa. Hakumwambia rangi. Hakuona haja. Siku zote alivaa bluu ya giza au kahawia.

Brashi alirudi na kitambaa cha manjano, ya kiini cha yai.

Fundi alikitazama kana kwamba kimeingia chenyewe. "Hii ya nani?"

"Yako."

"Mimi huvaa rangi isiyoonyesha uchafu."

"Kitandani unachafuka na nini?"

Brashi akaketi pembeni mwa kitanda. "Duka la dawa nililichagulia kijani mimi. Saluni nikaipa ile ya waridi, wakabisha, sasa hawataki kuibadilisha. Mtaa huu umevaa rangi nilizouchagulia mimi. Wewe hujaniuliza hata rangi ya leso."

Fundi akachukua ncha ya kitambaa, akaiweka shavuni, akafumba macho.

"Ni laini," akasema. "Kikate. Na ukikata kombo, hiki si marekani."

Hakukata kombo. Jioni aliyomaliza, kulikuwa bado na mwanga dirishani. Alimwogesha, akamfuta, akalitandaza gauni kitandani likiwa wazi kama kitabu, akamkalisha juu yake. Mkono mzima ukaingia. Upande wa pili akaufunika juu ya bendeji, akafunga tepe za begani, za mkono, kisha za mbele kwenda chini, moja moja, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Fundi hakunyanyua chochote. Hakuinama. Bega halikujua kuwa amevalishwa.

Kwa mazoea, vidole vyake vya kushoto vikaanza kutembea juu ya mishono. Pindo lilikuwa na mawimbi. Tepe moja ilikuwa ndefu kuliko wenzake. Macho yake yakafika kwenye mkono wa kushoto, yakasimama.

"Huu umeugeuza. Mshono wa nyuma umekuja mbele."

Brashi akainama akatazama. Kweli. Baada ya kufumua kote kule. "Nifumue?"

"Ukiugusa," alisema Fundi, akilala taratibu kwenye mto, "na wewe nitakuvunja bega."

Alilala hadi asubuhi bila kuamka hata mara moja, na Brashi alijua hilo kwa sababu yeye hakulala, alikuwa anaangalia kama tepe zitafunguka.

Asubuhi ile alikuja Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, kumjulia hali, watoto wake wachanga mmoja mgongoni na mmoja kifuani. Kwa kawaida Fundi hakumpokea mtu kabla hajavaa. Siku hiyo alimpokea na gauni lake la manjano, ameketi kitandani kama bibi harusi aliyezeeka. Mama Pacha akasema pole, akasema hali yako leo nzuri, kisha macho yakamwishia kwenye tepe.

"Hilo gauni linafunguka mbele lote?"

"Mbele na begani."

"Mimi usiku mzima ni kupandisha nguo na kushusha. Wawili hawa hawapokezani, wanaamka pamoja." Akamgeuza mtoto mapajani. "Na mimi nataka la namna hiyo. Utakapopona, Fundi, la kwanza liwe langu."

"Mwambie aliyeshona."

"Si wewe?"

Fundi akanyoosha midomo kuelekea mlangoni, ambako Brashi alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Chai ikampalia.

Bendeji ilipofunguliwa, daktari aliuzungusha mkono wa Fundi huku na huku, akasema mfupa umeshika, ila mkono hautapanda tena kupita bega. Atashona, lakini kuinama juu ya meza na kusukuma mkasi mkubwa hataweza. Fundi alirudi nyumbani. Siku ile nzima alikaa karibu na meza yake ya kukatia akipapasa ubao, na Brashi hakumwambia la kumfariji, maana alijua mwenyewe maneno ya namna hiyo yanavyokera. Alifanya jambo moja tu. Alichukua karatasi za Mama Pacha ukutani, akazitandaza mezani mbele ya mkewe, akasogeza vidole vinne kutoka kwenye mkunjo wa kitambaa, akangoja.

"Huyu ananyonyesha," alisema Fundi baada ya kitambo. "Mwongezee kifuani."

Wakaanza hivyo. Brashi alikata akiwa amesimama, Fundi alishona akiwa ameketi, na neno la mwisho lilibaki la Fundi. Si kwamba mambo yalikwenda kama maji. Gauni la Mama Pacha lenyewe Brashi alilikata vipande viwili vya mbele vya upande mmoja, ikabidi kimoja kigeuzwe mifuko. Walibishana kuhusu pindo, kuhusu marinda, kuhusu rangi hasa, kwa sababu Brashi sasa alikuwa anawachagulia wateja bila kuulizwa, na kuna mwanamke mzima aliyekuja kutaka kijivu akaondoka na rangi ya chungwa, akarudi baadaye kuagiza jingine. Waliokuwa wamejifungua walikuja, waliotoka kupasuliwa walikuja, na mabinti waliokuwa na wazazi wa mikono iliyokakamaa walikuja kwa niaba yao. Binga kinyozi alikuja kumshoneshea mama yake, akasema kwenye tepe kusiandikwe kitu.

Binti yao alipokuja likizo alibisha hodi akakosa wa kumfungulia. Akaingia mwenyewe. Baba yake alikuwa ameinama mezani, chaki sikioni, mama yake yuko kwenye cherehani, wote wanabishana juu ya mkono mmoja wa gauni, na hakuna aliyegeuka kumtazama mpaka aliposalimia mara ya pili. Wakamkaribisha, wakamuuliza habari za njiani, kisha mama akamwambia asimame pale kwenye mwanga, apimwe. Baba akazungusha futi mabegani mwake kwa uangalifu, akataja, mama akasema ni uongo, pima tena.

Brashi alipotoka kuweka maji ya chai jikoni, Fundi alimvuta binti yake karibu.

"Baba yako anakata vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Usimwambie."

Binti alimwambia, bila shaka, jioni ileile. Brashi akajifanya hakusikia vizuri, akamwomba arudie.